Mama Esnah Nyatichi na Wazee Wasio na Meno wa Kapmirmir

Kosa wanalofanya watu wengi wanapotaka kujua kijiji kina watu wangapi ni kuuliza: mko wangapi? Swali hilo ni zuri darasani. Huku kwetu kwenye milima ya chai, swali hilo litakupatia kiti, kikombe cha chai, na maswali mengi ya upole kuhusu afya ya mama yako. Kisha utaondoka bila jibu. Mama Esnah Nyatichi, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya kuitumikia ofisi yetu ya takwimu kwa miaka thelathini na minne, hajawahi kuliuliza. Ndiyo maana kila alikokwenda alirudi na majibu.

Kwa faida ya wafanyakazi wapya, na kwa wale waliotoka mbali, inafaa kueleza. Wazee wa Kipsigis hawahesabu watu, wala hawahesabu ng'ombe. Kumnyooshea mtoto kidole na kusema huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu, ni kama kuionyesha mikosi njia ya kuingilia. Wengi wao ni watu wa kanisa na Jumapili hawakosi, lakini mbele ya swali la idadi ya watoto, mdomo hujifunga wenyewe. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi, atakujibu, "Wapo." Ukiuliza tena wapo wangapi, atakujibu, "Wapo tu, Mungu ametusaidia." Usidhani anakuficha kitu, na usidhani hajui. Anajua mpaka yule anayekohoa usiku na yule asiyependa sukuma wiki. Anawapenda, basi.

Mama Esnah aliyajua haya kabla hajajua kusoma. Wazazi wake walitoka Nyamira wakaja kuchuma chai, na yeye akakulia katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai nje ya mji wa Kericho, mlango kwa mlango na jamaa za Kipsigis. Alicheza nao, akagombana nao, akaadhibiwa na mama zao kama mmoja wao. Anapoongea Kipsigis, mtu asiyemwona hudhani ni binti wa Bureti. Anapokasirika anarudi Ekegusii, na hapo ndipo makarani hukumbuka kazi walizoacha nje.

Alianza kazi mwaka 1991 akiwa karani wa nyanjani, na mwaka wa kwanza tu jina lake likajulikana kule Chebunyo. Mfugaji mmoja alikuwa amewarudisha makarani wawili waliomuuliza idadi ya ng'ombe wake. Mama Esnah alipofika, alikaa kwenye jiwe na kusema kwamba amesikia kuna ng'ombe mmoja mwenye madoa anayempenda kuliko mke. Yule mzee akafurahi mno. Akamtaja yule mwenye madoa, halafu mama yake, halafu dada yake mwenye pembe iliyopinda, halafu yule mwizi wa mahindi. Akawataja wote kwa majina na tabia mpaka jua likachwa. Mama Esnah akarudi na takwimu kamili, na pia na habari kwamba mke wa mfugaji alikuwa amesimama nyuma ya zizi akisikiliza sehemu ile ya kupendwa kuliko mke. Hatukuwahi kupata ripoti ya yaliyofuata.

Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yake ya kazi. Alimwomba mtu jina, na jina huleta jina jingine. Alitazama gambuti zilizopangwa mlangoni, kubwa na ndogo. Aliomba kusaidia kusonga ugali, kwa sababu sufuria haiwezi kudanganya. Zaidi ya yote alisoma kamba ya nguo. Aliwafundisha makarani wote waliopita mikononi mwake kwamba kabla hujabisha hodi, tazama kwanza kilichoanikwa. Sare za shule zitakuambia madarasa. Aproni ya kuchumia chai itakuambia nani yuko kazini. Nepi zitakuambia kilichobaki.

Na chai alikunywa. Kila nyumba, kila siku, kwa miaka yote hiyo. Yeye mwenyewe husema kwamba kuna kiwanda kimoja huku kinachosimama kwa ajili yake, na kwamba akistaafu watalazimika kupunguza zamu.

Alipanda ngazi hadi kuwa msimamizi wa makarani. Alibadilisha fomu zetu ili zianze na majina badala ya idadi, na leo wilaya jirani wanafanya hivyo na kudai ni wazo lao. Ameshiriki sensa zote zilizopita katika kipindi chake. Ametuzwa vyeti, ametuzwa saa ya ukutani isiyotembea, na mwaka mmoja alituzwa jogoo ambaye alikaa ofisini siku mbili na kula barua ya mkuu wa idara. Lakini ukimuuliza mwenyewe kazi gani anaionea fahari, hatakutajia hata moja ya hizo. Atacheka kwanza, atajifuta macho, kisha atasema neno moja: Kapmirmir.

Kapmirmir ni kijiji kidogo kwenye mgongo wa mlima, upande mmoja shamba kubwa la chai, upande mwingine bonde na mto. Watu wake ni mia sita na ushei. Wana chai yao ndogo, ng'ombe wa maziwa na mahindi. Kwa miaka mingi wanawake wa Kapmirmir wamekuwa wakiomba kitu kimoja tu: mkunga, na chumba cha kujifungulia. Mvua ikinyesha, barabara ya kushuka kwenda hospitali ya Kapkatet huwa tope tupu. Mama mmoja kijana, Chemutai, alimzaa mtoto wake wa kwanza ndani ya pikapu ya maziwa, katikati ya mitungi, na mtoto akapimwa uzito kwenye mizani ya kituo cha maziwa. Mpaka leo wanakijiji humtania kwamba alizaliwa akiwa lita tatu na nusu. Chemutai hucheka nao. Lakini mwaka huu mwanzoni alikuwa mjamzito tena, na alikuwa amekwisha kuapa mbele ya mumewe na mbele ya mchungaji kwamba hatapanda ile pikapu mara ya pili.

Hatimaye kamati ya afya ya kata ikapata nafasi ya kujenga kitu kimoja Kapmirmir na kuleta mhudumu mmoja. Ili kujua kitu gani na mhudumu gani, ikaiomba ofisi yetu takwimu mpya za kijiji kwa umri. Mama Esnah alikuwa likizoni Nyamira akitayarisha shamba lake la ndizi. Kazi akapewa Duke Nyamwange, karani wetu mpya, kijana mwenye adabu kuliko wote tuliowahi kuajiri. Msomaji aishike hiyo adabu, kwa maana ndiyo iliyoleta mambo.

Duke alifika Kapmirmir asubuhi na kishikwambi chake. Saa hizo akina mama wote wako kwenye chai, kwa sababu majani huchumwa mapema. Walio nyumbani ni akina nyanya na watoto wachanga. Akina nyanya walikuwa wamekusanyika kwa Kogo Rebeccah, mama mkongwe mwenye sauti ya kengele na mursik, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu, inayosifiwa mpaka ng'ambo ya bonde. Kogo ni nyanya kwa Kipsigis, na huko hakuna anayemwita vinginevyo, hata askari. Wakamkaribisha Duke, wakamkalisha, wakamwambia asijisumbue kuzunguka nyumba hadi nyumba kwenye tope, wao watamjibia kijiji kizima.

Sasa hapa inafaa kueleza desturi nyingine. Mtoto wa Kipsigis anapozaliwa, akina nyanya humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile litakalotajwa mtoto akapiga chafya, ndilo lake. Huyo ndiye aliyerudi. Kwa hiyo kitoto kinachonyonya kinaweza kuwa Arap Tuwei, babu wa babu, na nyanya atakisalimia kwa heshima zote za Arap Tuwei na kukiomba radhi kikicheua. Na kwa kuwa hakuna nyanya atakayempa mgeni hesabu ya vichanga, Kogo Rebeccah na wenzake walifanya walichoona ni sawa na salama. Duke alipouliza nyumba ile kuna nani, wakamtajia waliorudi. Alipouliza umri, wakampa umri wa waliorudi.

"Nyumba ya kwa Chemutai?" akauliza Duke.

"Kuna Chemutai, bwana yake, na Arap Tuwei."

"Huyo mzee ana miaka mingapi, Kogo?"

"Weh! Huyo ni wa zamani. Aliona reli ikipita. Andika tisini, hata tisini ni kidogo."

"Yuko wapi nimsalimie?"

"Amelala."

"Na Arap Mosonik mliyemtaja, wa nyumba ya pili?"

"Amelala."

"Wazee wote wamelala saa nne ya asubuhi?"

"Wote. Wakiamka utawasikia."

Mtu mwingine angeomba kuwaona. Duke alilelewa asimwamshe mzee kwa sababu yoyote isipokuwa moto. Akauliza tu, kwa adabu, hali ya afya ya kila mmoja, na akina nyanya wakamjibu ukweli mtupu. Hana meno. Hana nywele za kusema. Hatembei. Anakunywa maziwa tu. Anaogeshwa. Anabebwa. Akinyimwa analia. Duke akaandika yote, na moyo wake ukajaa huruma kwa kijiji kile.

Akarudi na matokeo ambayo hayajawahi kuonekana katika kata yoyote. Kapmirmir ilikuwa na wazee na vikongwe arobaini na mmoja waliopita miaka tisini, na haikuwa na mtoto hata mmoja aliye chini ya miaka miwili.

Habari ilivuja, kama habari zote tamu. Kituo kimoja cha redio kikapanda mlima kuuliza siri ya maisha marefu. Kogo Rebeccah akashika kipaza sauti kama aliyezaliwa nacho, akasema siri ni mbili: mursik, na kutojibu maswali mengi. Wiki ile mursik ya Kapmirmir ikawa haipatikani. Watu walitoka Bomet mjini na vibuyu. Mchungaji mmoja alihubiri juu ya kijiji hicho kana kwamba kimetajwa kwenye kitabu cha Mwanzo. Kuna jamaa wa Sosiot, mwenye umri wa miaka hamsini na mgongo mbaya, aliyeuliza kama kuna ploti.

Na kamati ya afya ikaamua. Kijiji hakina vichanga, kwa hiyo mkunga atapelekwa kwingine. Kijiji kina wazee wengi wasiojiweza, kwa hiyo kitajengewa banda la kupumzikia wazee, lenye jua la asubuhi. Zaidi ya hapo, kila mzee atapewa mkongojo. Mikongojo arobaini na mmoja ikaagizwa, ikapakwa vanishi.

Mama Esnah alirudi kutoka likizo katikati ya furaha hiyo. Alipita Kapmirmir akiwa njiani kuja ofisini, ndani ya gari, na hakushuka, lakini macho yake yalifanya kazi yake ya kawaida. Alipoingia aliomba kishikwambi cha Duke.

"Duke mwanangu, hiki kijiji hakina mtoto mchanga?"

"Hakuna, Mama. Ni wazee tu."

"Na zile nepi kwenye kila ua ni za nani?"

Duke akashusha sauti kwa heshima. "Za wazee, Mama."

"Zile ndogo hivi?"

Mama Esnah akaanza kusoma maelezo kwa sauti. Hana meno. Hatembei. Anakunywa maziwa. Anabebwa. Alipofika akinyimwa analia, akakaa sakafuni. Hatukuwa tumewahi kumwona msimamizi wetu akikaa sakafuni. Alicheka mpaka walinzi wakaja, na walipoelezwa nao wakakaa. Duke mwenyewe alisimama wima kwa muda mrefu akiangalia ukuta, kisha mabega yakaanza kutikisika, na baada ya hapo kazi haikufanyika tena siku hiyo.

Kicheko kilikwisha Mama Esnah alipofika ukurasa wa uamuzi wa kamati na kusoma kwamba mkunga anapelekwa kwingine. Alimjua Chemutai. Alijua mwezi wake wa kujifungua, na alijua mvua za masika zimekwisha kuanza.

Mtu atauliza kwa nini hatukufuta tu na kuandika upya. Ni swali zuri. Kamati ilitaka takwimu zithibitishwe na wanakijiji wenyewe mbele yake, na hapo ndipo palipokuwa na fundo. Akina nyanya wangesema yale yale. Akina mama wangenyamaza, kwa kuwa hakuna mkaza mwana huko atakayembishia mama mkwe mbele ya wageni, na kwa kuwa wao pia hawapendi watoto wao wahesabiwe. Isitoshe, kijiji kilikuwa kimeanza kuuzoea umaarufu.

Mama Esnah alikwenda peke yake jikoni kwa Kogo Rebeccah. Tunayajua yaliyosemwa kwa sababu wote wawili huyasimulia, na husimulia vile vile, jambo ambalo ni nadra kwa marafiki. Alikunywa mursik kwanza, vikombe viwili, akasalimia wote waliolala. Kisha akamweleza Kogo waziwazi: lile jibu limempeleka mkunga kwingine, na Chemutai atashuka kwenye tope na pikapu kama mara ya kwanza.

Kogo Rebeccah alisogeza kuni motoni.

"Tulikuwa tunawalinda," akasema.

"Najua, Kogo. Hata mama yangu alijifunza kwenu. Hakuwahi kusema tuko wangapi mpaka anakufa."

"Basi unataka niwahesabu kama viazi?"

"Sitaki uhesabu mtu. Nataka siku ya mikongojo kila mzee aje achukue wake mwenyewe. Kamati imeandika hivyo: hakuna kuchukuliana. Utaita jina tu. Jina mmeshalitaja, chafya mmeshaisikia, hakuna jipya."

Kogo akamtazama, na kona ya mdomo ikaanza kupanda. "Na watu hawatawanyooshea kidole?"

"Hakuna kidole. Hakuna moja, mbili, tatu. Tutahesabu fimbo. Fimbo si mtoto wa mtu."

Hapo Kogo Rebeccah alicheka, na Mama Esnah anasema kicheko hicho kiliangusha kibuyu ukutani. Akauliza jambo moja la mwisho: redio watafanyaje? Mama Esnah akamwambia redio wataishi, na mursik itabaki kuwa mursik.

Siku ya kukabidhi mikongojo ilikuwa ya jua, jambo ambalo Mei haitoi bure. Hema lilisimamishwa karibu na kituo cha kununulia chai. Wanakijiji walijaa, wachumaji wakiwa bado na vikapu. Mwenyekiti wa kamati ya afya, Bwana Gibson Kiptanui, mtu mpana na mwema anayependa sherehe, alitoa hotuba nzito juu ya heshima ya uzee. Alisema taifa linalowasahau wazee wake limejisahau. Alisema yeye mwenyewe ana hamu ya kuwashika mkono mashujaa hawa walioiona reli. Akachukua mkongojo wa kwanza, ukang'aa juani, akamwomba Kogo Rebeccah amwite mzee wa kwanza.

"Arap Tuwei!" akaita Kogo.

Watu wakafungua njia. Bwana Kiptanui akanyoosha mkono chini kidogo, kama anayetarajia mtu aliyeinama. Chemutai akaja mbele, tumbo lake kubwa mbele na mtoto wake mgongoni. Akamfungua mtoto kwenye leso, akamshika mbele ya mwenyekiti. Arap Tuwei alimtazama mwenyekiti kwa makini. Kisha akaushika mkongojo kwa mikono miwili na kuutia mdomoni.

Bwana Kiptanui akautazama mkongojo, akamtazama mtoto.

"Huyu ndiye mzee?" akauliza Bwana Kiptanui.

"Ndiye," akasema Kogo Rebeccah. "Amesema ahsante, lakini hana meno."

"Arap Mosonik!" akaita tena kabla mtu hajapumua. Akaletwa Arap Mosonik, amelala kama ilivyoandikwa. Mkongojo ukawekwa kando yake, nao ulikuwa mrefu mara mbili yake. Akaitwa kikongwe Tapsiargaa, akaletwa akipiga kelele, kwa sababu alikuwa amenyimwa. Akaitwa mwingine, na mwingine. Mwenyekiti alijikaza asicheke mpaka mzee wa saba alipomcheulia kwenye tai. Hapo alipasuka. Alicheka akiwa ameshika nguzo ya hema, na hema likacheka naye, na wachumaji wakaangusha vikapu, na Duke, aliyekuwa amepewa kazi ya kugawa, alikuwa akigawa huku machozi yanamtiririka na kumwambia kila mtoto, "Shikamoo mzee, shikamoo."

Kila jina likaitwa, kila mmoja akabebwa, kila mmoja akapewa. Mwisho Mama Esnah akasimama. Hakumtazama mtoto yeyote. Akamwomba mwenyekiti atazame kwenye meza. Meza ilikuwa tupu.

"Tulileta mikongojo arobaini na mmoja, Bwana Mwenyekiti," akasema. "Hakuna uliobaki. Hiyo ndiyo takwimu, na hakuna aliyehesabiwa."

Bwana Kiptanui alijifuta macho kwa ile tai, na hilo likawa kosa. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa mkunga alikuwa anapelekwa wapi. Akaambiwa. Kamati ikakaa pale pale, kwenye viti vya plastiki, mbele ya watu wote, na uamuzi ukabadilishwa kabla chai haijapoa. Banda la wazee litakuwa chumba cha kujifungulia na kliniki ya watoto. Jua la asubuhi lilibaki kwenye mpango, kwa sababu hata vichanga wanalipenda. Mikongojo nayo haikurudi. Mingine inashikilia miche ya nyanya shambani, mingine inafukuza ndama, na akina nyanya kadhaa waliokuwa wakiitamani tangu mwanzo sasa wanaitumia bila aibu.

Mkunga alifika wiki ya pili, akapewa chumba cha muda nyuma ya kanisa. Siku ya nne tangu afike, mchana, mvua ikinyesha kama inayolipwa, Chemutai alitembea hadi pale akiwa amejifunika mwavuli wa mumewe, na akajifungua msichana salama salimini. Pikapu ya maziwa ilipita barabarani, ikapiga honi, ikaenda zake.

Chemutai alitaka mtoto aitwe Esnah. Kogo Rebeccah akakataa katakata. Alieleza kwamba majina ya watoto ni ya waliotangulia, na Esnah hajaenda popote isipokuwa Nyamira, tena anakula vizuri. Wakabishana, wakaafikiana: Esnah litakuwa jina la kanisani, na la nyumbani litangoja chafya. Chafya ikaja na jina lake, na hilo ni lao.

Lakini kilichofuata ndicho tulichoomba kiwekwe kwenye jarida hili. Kesho yake asubuhi Duke alikwenda kwa naibu wa chifu kukusanya fomu za vizazi, akamkuta Kogo Rebeccah ametangulia, amekaa kwenye benchi na kitoto kifuani. Duke alifungua kishikwambi taratibu, kama mtu anayefungua mlango wenye mbwa. Kabla hajauliza, Kogo alimwambia, "Huyu ana siku moja. Andika moja." Duke akaandika. Kogo akamwomba amsomee tena kilichoandikwa, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akaondoka.

Mama Esnah, hiyo ndiyo kazi uliyotuachia. Umetufundisha kumpata mtu bila kumtisha, na kupata ukweli huku wenye nyumba wakitucheka na kutuongezea sukari. Ofisi itakuwa kimya sana bila wewe, na birika litadhani limefutwa kazi. Tunakushukuru wewe, mumeo na wanao waliotuazima wewe kila msimu wa mvua. Ndizi zako za Nyamira zizae hadi uchoke kugawa. Kaa kivulini, kunywa chai ya kwako mwenyewe, na uishi miaka mingi yenye raha. Safari hii tunamaanisha miaka tisini ya kweli.

Na wewe unayesoma: kama nyumbani kwenu kuna mtoto ambaye kuzaliwa kwake hakujaandikishwa, mpeleke kwa naibu wa chifu leo.